Mali bila Daftari: Nasaha kwa Wenye Kununua Nyumba Ugenini

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Leicester, siku ya Jumamosi baada ya sala ya Adhuhuri



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena tukiwa wazima. Wapo kati yetu waliotoka Mombasa na Unguja, wapo waliotoka Maskati na Dubai, wapo wa Toronto, na wapo sisi wa Uingereza ambao safari yetu ilikuwa fupi kuliko za wote na bado tumekuwa wa mwisho kufika. Waliotangulia mbele ya haki, Mola awarehemu.

Kamati ya maandalizi imenitaka niseme nanyi juu ya ununuzi wa nyumba, kwa kuwa vijana wetu wengi sasa wamefikia umri huo na kila mmoja anauliza lake kwa simu. Mimi si wakili, si dalali, wala si mtu wa benki. Nimeendesha mabasi ya abiria katika jiji la London miaka ishirini na sita, na sasa nimestaafu. Lakini mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi katika jambo hili nimetafunwa. Tena nyoka mwenyewe niliyemfuga nilikuwa mimi. Kwa hiyo nitaanza na kisa changu, ndipo nije kwenye nasaha. Shemeji yangu, mke wa marehemu kaka yangu, yupo hapa safu ya mbele pamoja na wanawe wanne. Nilimwomba ruhusa ya kukieleza kisa hiki hadharani, naye akaniambia, "Kieleze chote, usiruke pahali." Nami nitajitahidi nisiruke.

Mwaka 1996 mimi na kaka yangu tulinunua nyumba mashariki ya London. Ilikuwa nyumba ya safu, vyumba vitatu, na bei yake paundi 64,000. Benki ilitaka tuweke kianzio cha asilimia kumi, yaani paundi 6,400. Mimi nilikuwa na 1,900 tu. Kaka alitoa 4,500, na katika hizo, 2,800 zilitokana na bangili sita za dhahabu za shemeji, ambazo alizivua mkononi na kuziuza ili sisi tupate pa kukaa. Deni la benki tulikubaliana kulilipa nusu kwa nusu.

Siku ya kutia saini, wakili alituuliza swali moja. Alisema: Mtaimiliki nyumba hii kwa njia gani? Kuna umiliki wa pamoja usiogawika, ambapo mmoja wenu akifa, nyumba yote huwa ya aliyebaki. Na kuna umiliki wa mafungu, ambapo kila mmoja ana fungu lake, na akifa fungu lake huenda kwa warithi wake. Tukatazamana, tukacheka. Kaka akasema, "Sisi ni tumbo moja, baina yetu hakuna mafungu." Wakili akaandika umiliki wa pamoja, tukatia saini, tukaenda kula.

Kaka alifariki mwaka 2009. Wazazi wetu walikuwa wamekwisha tangulia. Aliacha mke, wana wawili wa kiume na wawili wa kike. Kwa sheria yetu ya mirathi, mke ana thumni, yaani sehemu moja katika nane, na kinachobaki ni cha watoto, wa kiume fungu la wa kike wawili. Mimi ndugu yake, kwa kuwa ameacha watoto wa kiume, sikuwa na fungu hata la senti moja. Lakini nilipokwenda kwa wakili na cheti cha kifo, aliniambia kwa upole kwamba nyumba sasa ni yangu peke yangu, yote, na kilichobaki ni kulifuta jina la marehemu katika rejista.

Nisikilizeni vizuri hapa. Sikuiba kitu. Sikughushi hati. Sheria ya nchi ilinipa, nami nilinyamaza. Kila nilipomwona shemeji nilijiambia, tutazungumza eda ikiisha. Eda ikaisha, nikasema tutazungumza watoto wakimaliza mitihani. Mitihani ikaisha. Miaka saba ilipita hivyo. Wanangu wa kaka wakaacha kuja kwangu siku ya Idi, nami nikawa nawalaumu kuwa wamelelewa bila ya adabu, ilhali aliyekosa adabu nilikuwa mimi.

Mwaka 2016 deni la benki lilimalizika, na mwana mkubwa wa kaka, naye amefika hapa leo, alinijia peke yake akaniuliza swali lisilo na matusi ndani yake: "Ami, baba alikuwa na nini katika nyumba ile?" Sikuwa na jibu, kwa sababu hapakuwa na karatasi. Tulikaa na wazee wawili wa ukoo siku tatu nzima. Je, marehemu alikuwa na nusu, au zaidi ya nusu kwa kuwa kianzio chake kilikuwa kikubwa? Malipo ya miaka saba niliyoyafanya peke yangu yahesabiwe vipi, na kodi ambayo ningewalipa warithi kwa kukaa katika fungu lao ihesabiwe vipi? Na bangili za shemeji, zilikuwa zawadi kwa mumewe au deni? Ikiwa ni deni, lilikuwa deni la paundi au la dhahabu? Maana dhahabu ya mwaka 1996 na ya mwaka 2016 bei zake hazifanani hata kidogo, na deni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Kila mmoja alikumbuka kwa namna yake, na wote tulikuwa wakweli.

Mwisho tuliafikiana nusu kwa nusu. Nyumba iliuzwa, fungu la kaka likagawanywa kwa warithi wake, na mimi kutoka fungu langu nikamnunulia shemeji bangili sita kwa uzito alioukumbuka. Alinisamehe. Lakini nyumba ambayo watoto wake walizaliwa ndani yake ilikwenda kwa watu wengine, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kupata fedha za kugawana. Yote hayo yangezuiwa na ukurasa mmoja ulioandikwa siku ile ile tuliyokuwa tukicheka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Msahafu, ndani ya Suratul Baqara, ni ile inayotuamrisha kuandikiana deni. Kuandikiana si kutoaminiana. Watu wasioaminiana hawanunui nyumba pamoja. Waaminianao ndio wanaohitaji karatasi, kwa sababu imani yao haitarithiwa na watoto, lakini nyumba itarithiwa.

Ama baada ya kisa hicho, nije kwenye nasaha. Nitasema hasa juu ya Uingereza niijuayo, tena sheria za England na Wales, kwani Scotland wana utaratibu wao. Wenzetu wa Ghuba na wa Kanada watachukua linalowafaa.

Nasaha ya kwanza ni juu ya fedha zenyewe. Usianze kutazama nyumba kabla ya kujua una kiasi gani. Benki za kawaida hutaka kianzio cha asilimia tano au kumi, na kadiri kianzio kinavyokuwa kikubwa ndivyo masharti yanavyopungua ukali. Juu ya kianzio kuna ada ya wakili, ada ya mkaguzi wa jengo, ushuru wa stempu, bima na gharama za kuhama. Na baada ya yote hayo usibaki mikono mitupu. Mwezi wa kwanza ndani ya nyumba ndio mwezi ambao mtambo wa kupasha maji moto huchagua kufa, na huchagua Januari.

Juu ya riba, najua kila mmoja hapa ana dhamiri yake, nami sikuja kutoa fatwa. Nitaeleza tu kilichopo. Zamani, aliyetaka kununua nyumba kwa njia ya kisharia alilipa ushuru wa stempu mara mbili, kwa kuwa benki ilinunua kwanza kisha ikamuuzia yeye. Sheria ya fedha ya mwaka 2003 iliuondoa ushuru huo wa pili. Tangu hapo njia iliyoenea zaidi ni ya ushirika unaopungua: wewe na benki mnanunua pamoja, unailipa benki kodi kwa fungu lake, na mwezi kwa mwezi unalinunua fungu hilo mpaka liishe. Kianzio chake kwa kawaida ni kikubwa kuliko cha benki nyingine. Uliza maswali mawili kabla ya kutia saini: kodi hiyo hupandishwa kwa kipimo gani, na ukitaka kuuza mapema utatozwa nini. Jina la kisharia juu ya mlango lisikuzuie kusoma mkataba ulio ndani.

Nasaha ya pili ni juu ya fedha za ndugu. Katika ukoo wetu hakuna anayenunua nyumba peke yake. Ami wa Maskati hutuma, shangazi wa Mombasa hutuma, na Mungu awalipe. Lakini wakili wa nchi hii analazimishwa na sheria kujua kila paundi imetoka wapi. Fedha zilizopitia mikononi mwa watu bila ya stakabadhi zitakwamisha ununuzi wako, hata zikiwa halali kama maji ya mvua. Waambieni wanaotuma watume kwa benki, kwa jina lao, na waweke taarifa za akaunti zao tayari.

Kisha benki itamtaka huyo aliyetuma atie saini barua ya kusema kwamba fedha alizotoa ni zawadi, hazidai, wala hana haki yoyote ndani ya nyumba. Hapa ndipo ndugu wengi hujikwaa. Mtoaji anaona ni karatasi tu ya kuwaridhisha Wazungu, anatia saini, huku moyoni anajua amekopesha au ameshiriki. Hiyo si karatasi tu. Siku ya mgogoro, barua hiyo ndiyo itakayosomwa. Ikiwa ni zawadi, toeni kwa moyo mmoja na msiirejee. Ikiwa ni mkopo au ushirika, mwambieni wakili ukweli tangu mwanzo, hata kama benki itapunguza kiasi ilichokusudia kukukopesha. Nyumba ndogo iliyonunuliwa kwa ukweli ni pana kuliko kubwa iliyonunuliwa kwa barua ya uongo.

Nasaha ya tatu ni juu ya nyumba zetu za nyumbani, na wengi hapa hamlijui jambo hili. Anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza England hupewa nafuu ya ushuru wa stempu. Tangu Aprili 2025 hatozwi kitu kwa nyumba isiyozidi paundi 300,000, na nafuu hiyo huondoka kabisa nyumba ikizidi 500,000. Lakini mnunuzi wa mara ya kwanza, kwa maana ya sheria, ni yule ambaye hajawahi kumiliki nyumba ya kuishi popote duniani. Aliyerithi fungu katika nyumba ya babu kule Mombasa au Unguja, hata liwe fungu dogo, hata iwe hajawahi kulala humo, si mnunuzi wa mara ya kwanza. Na mkinunua wawili, sharti wote wawili wawe hivyo.

Zaidi ya hayo, kuna nyongeza ya asilimia tano kwa anayenunua nyumba huku akiwa na nyingine, nayo pia huhesabu nyumba za nchi za nje, ikiwa fungu lako lina thamani ya paundi 40,000 au zaidi na hii unayonunua haichukui nafasi ya ile uliyokuwa ukiishi. Upo msamaha kwa fungu lililorithiwa katika miaka mitatu iliyopita, likiwa si zaidi ya nusu ya nyumba. Na kwa mume na mke, alichonacho mmoja huhesabiwa kana kwamba ni cha wote wawili.

Nitatoa mfano wa nyumba ya paundi 300,000. Mnunuzi wa mara ya kwanza halipi ushuru. Asiye wa mara ya kwanza, lakini hana nyumba nyingine, hulipa 5,000. Mwenye nyumba nyingine hulipa 20,000. Ikiwa mmoja wa wanunuzi haishi Uingereza, huongezwa asilimia mbili juu ya bei yote. Kwa hiyo ukiliingiza jina la ami wa Maskati katika hati kwa heshima tu, heshima hiyo itakugharimu paundi 6,000. Viwango hivi hubadilishwa na serikali mara kwa mara. Viulizeni upya siku ya kununua. Lakini msije mkaficha nyumba ya nyumbani. Kauli ya ushuru ni kauli unayoitolea dhamana.

Nasaha ya nne ni juu ya ardhi. Sisi watu wa Mombasa hatuhitaji kufundishwa jambo hili, kwa kuwa tumelelewa katika nyumba bila ardhi: nyumba yako, kiwanja cha mwingine, na kila mwezi kodi ya ardhi. Basi jueni kwamba fleti takriban zote za England ni namna ya nyumba bila ardhi. Unanunua haki ya kukaa kwa miaka iliyohesabiwa, na miaka hiyo hupungua kila mwaka unapoishi. Swali la kwanza la fleti ni: imebakiwa na miaka mingapi? Miaka ikishuka chini ya 80, kuirefusha kumekuwa ghali sana, na benki nyingi husitasita kukopesha. Bunge lilipitisha sheria mwaka 2024 ya kupunguza mzigo huo, lakini vifungu vyake vimewekwa vianze kazi kwa awamu, hivyo mwulize wakili ni vipi vilivyokwisha anza. Swali la pili: ada ya huduma ni kiasi gani kwa mwaka, na imepanda vipi katika miaka mitatu iliyopita? Swali la tatu: kodi ya ardhi ni kiasi gani, na mkataba unairuhusu kuongezeka vipi? Mikataba mipya iliyoandikwa tangu Juni 30, 2022, kwa sehemu kubwa haina kodi hiyo, lakini ya zamani ingali nayo.

Na swali la nne ni la usalama. Sote tunaukumbuka moto wa Grenfell Tower wa Juni 2017, ulioua watu 72 mjini London katika mwezi wa Ramadhani. Baada ya moto ule, fleti nyingi zilikosa wanunuzi kwa sababu kuta zao za nje zilifunikwa kwa vitu vinavyoshika moto. Ukinunua fleti katika jengo refu, taka kuona karatasi za usalama wa kuta hizo kabla hujatumia senti yako.

Nasaha ya tano ni juu ya jengo. Benki itamtuma mtu wake kutazama nyumba, na wengi hudhani huo ni ukaguzi. La hasha. Mtu huyo anaangalia kama nyumba inatosha kuwa dhamana ya fedha za benki, hakuangalii wewe. Lipa mkaguzi wako mwenyewe. Kwa nyumba ya kawaida iliyo katika hali nzuri, ukaguzi wa daraja la pili unatosha. Kwa nyumba kongwe au iliyobadilishwa sana, taka daraja la tatu. Nyumba nyingi za safu za miji hii zilijengwa zaidi ya miaka mia iliyopita, na kusini mashariki nyingi zimesimama juu ya udongo wa mfinyanzi, ambao hunywea wakati wa ukame, msingi ukadidimia na kuta zikapasuka.

Kabla hata ya mkaguzi, tumieni macho na pua. Nenda mara tatu: asubuhi, usiku, na siku ya mvua. Nusa chumba kilichopakwa rangi mpya upande mmoja tu wa ukuta. Fungua bomba la juu, uone maji yanashuka kwa nguvu gani. Gonga mlango wa jirani, umsalimu. Jirani huwa na habari asizokuwa nazo dalali. Na kumbuka dalali wa hapa huajiriwa na muuzaji. Akikutabasamia, mrudishie tabasamu, lakini bajeti yako usimtajie.

Nasaha ya sita ni juu ya siku mbili zenye kufunga mambo. England na Wales, kukubaliwa bei hakumfungi mtu. Muuzaji anaweza kukubali paundi zako Jumatatu na kumpa mwingine Alhamisi, wala huna pa kushtaki. Kinachofunga ni kubadilishana mikataba baina ya mawakili. Siku hiyo unatoa arubuni, kwa kawaida asilimia kumi, na ukijitoa baada ya hapo arubuni yako inakwenda na maji. Kwa hiyo, ukaguzi, kibali cha benki na majibu ya wakili yawe yamekamilika kabla ya siku hiyo, na bima ya jengo ianze siku hiyo hiyo, si siku ya kupewa funguo.

Jihadharini pia na wezi wa mitandao. Wapo wanaovizia barua pepe za wanunuzi, kisha siku ya malipo huandika kana kwamba ni wakili: tumebadilisha akaunti, tuma hapa. Fedha hizo mara nyingi hazirudi. Chukueni namba ya akaunti ya wakili mkononi siku ya kwanza, na kabla ya kutuma mpigieni kwa simu mliyoijua tangu mwanzo. Yakija mabadiliko kwa barua pepe, msiyaamini.

Nasaha ya saba ndiyo iliyonileta hapa, na kama mmesinzia kwa biriani ya kamati, basi amkeni kwa hii. Wakili akikuulizeni mtaimiliki vipi, msicheke. Wakiwa wanunuzi ni zaidi ya mmoja, mume na mke, ndugu kwa ndugu, mzazi na mwana, kaeni kabla ya siku hiyo mjibu kwa pamoja. Mkichagua umiliki wa pamoja, jueni kwamba wasia hauwezi kuubadilisha, wala mirathi haiugusi. Aliyebaki huchukua yote. Huenda mume na mke wakayataka hayo kwa makusudi, na ni haki yao. Lakini iwe kwa makusudi. Mkichagua mafungu, mwandikishe wakili hati ya amana inayotaja nani ametoa kiasi gani, nani atalipa kiasi gani kwa mwezi, nyumba ikiuzwa kila mmoja atapata sehemu gani, na mmoja akitaka kutoka, mwenzake atamnunua kwa bei iliyopimwa na nani. Na bangili za wake zenu ziandikwe humo: ni zawadi au ni deni, la fedha au la dhahabu.

Waliokwisha nunua wasikate tamaa. Umiliki wa pamoja unaweza kugeuzwa kuwa wa mafungu wakati wowote mngali hai, kwa notisi ya maandishi kwa mwenzako na kuandikishwa katika rejista ya ardhi. Baada ya kifo hautageuzwa kwa notisi. Utabaki kwenye huruma ya aliyebaki, na mimi nimekwisha kuelezeni huruma ya aliyebaki ilivyochukua miaka saba.

Kisha andikeni wasia. Anayefariki England bila ya wasia, mali yake haigawanywi kwa mirathi yetu bali kwa kanuni za nchi: mke au mume hupata kwanza paundi 322,000, kiwango kilichowekwa mwaka 2023, na nusu ya kinachozidi, watoto hugawana nusu nyingine. Wasia unaofuata mafungu ya kisharia unakubalika kabisa, mradi utiwe saini mbele ya mashahidi wawili walio pamoja, na shahidi asiwe miongoni mwa wanaopewa kitu. Na hapa niwaambie mabinti zetu: ndoa iliyofungwa England kwa nikaha peke yake, bila ya kuandikishwa serikalini, sheria ya hapa haiitambui kuwa ndoa. Mume akifa bila ya wasia, mke wa namna hiyo hahesabiwi kuwa mjane. Mahakama ya Rufaa ililieleza suala la ndoa za namna hiyo mwaka 2020. Ndoa iliyofungwa Mombasa au Zanzibar kwa utaratibu halali wa huko, hiyo hutambuliwa. Cheti chake kitunzeni kama mnavyotunza pasi ya kusafiria.

Ndugu zangu, nimesema mengi na chai inapoa. Naomba jambo moja. Kabla hatujatawanyika kesho, kila mwenye nyumba aliye hapa amuulize mwenzake wa hati: sisi tuliandika nini siku ile? Asiyejua, rejista ya ardhi iko wazi, na nakala hupatikana kwa ada ndogo. Na sisi wenye mafungu katika nyumba ya babu tukae meza moja kesho asubuhi, tuandike nani ana nini, wangali hai wanaokumbuka. Kalamu nitaileta mimi.

Mwanangu wa kaka aliponiuliza baba yake alikuwa na nini katika nyumba ile, nilipaswa kuwa na karatasi ya kumpa mkononi. Leo amenunua nyumba yake mwenyewe hapa Leicester, yeye na dada yake. Walinipa hati yao ya amana niisome kabla ya kutia saini. Iliandikwa vizuri. Niliisoma mara mbili, nikawarudishia, sikuwa na la kuongeza.

Mwenyezi Mungu atupe nyumba zenye baraka, atulinde na dhuluma tunayoiona na ile tusiyoiona, na amrehemu kaka yangu.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.